Kichwa Mnakidai, Kaburi Hamlijui

Sikilizeni, watu wa Mshangano. Ninyi mnaodamkia daladala za mjini, mnaochoma matofali bondeni, mnaogawa viwanja kwenye mashamba yaliyolimwa mahindi mwaka juzi. Ninyi mliojenga kando ya barabara ya Njombe na kufurahi kwamba mji umewasogelea: nina neno nanyi, na silisemi kwa kunong'ona. Mnapita mbele ya wafu wenu kama mtu apitavyo mbele ya duka lililofungwa. Mnaishi Songea, mji wenye jina la mtu aliyeuawa kwa kuitetea nchi hii. Jina lake mnaliandika kwenye fomu za shule za watoto, kwenye hati za viwanja, kwenye magunia ya mchele na mahindi mnayowatumia ndugu zenu Dar es Salaam. Na wengi wenu hamjawahi kusimama penye kaburi lake.

Kaburi liko Mahenge. Haliko Kilwa, haliko Bagamoyo, haliko ng'ambo ya bahari. Liko ndani ya manispaa yenu, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, na mtu akitoka Mshangano asubuhi anarudi kabla ugali wa mchana haujasongwa. Lango liko wazi. Mwongozaji yupo, anasubiri watu wa kuwatembeza, na siku nyingi anaowatembeza si ninyi.

Nitawakumbusha kilichotendeka, maana mkiulizwa mnajibu "vita vya Majimaji" kisha mnanyamaza, na mtoto aliyeuliza anaelewa kwamba hapo pameishia.

Mwaka 1905 Omari Kinjala alileta Ungoni maji ya dawa, yaliyoaminiwa kuzuia risasi. Dawa ilikuwa imetoka mbali, Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, ambaye Wajerumani walikuwa wameshamnyonga mwezi Agosti mwaka huohuo. Huku kwetu falme zilikuwa mbili: Njelu chini ya Nkosi Mputa Gama, na Mshope chini ya Nkosi Chabruma. Watu walikuwa wamechoka na kodi, wamechoka na viboko, wamechoka kuwaona wazee wao wakidhalilishwa mbele ya vijana. Wakayanywa maji, wakajipaka maji, wakaenda. Misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Bunduki ya rashasha ikawafundisha wapiganaji kile ambacho dawa haikuwaambia. Wakaingia porini wakaendelea kupigana, na Wajerumani wakaamua kupigana na tumbo: wakachoma vihenge, wakachoma mashamba, wakaswaga mifugo. Kapteni wao mmoja, Wangenheim, alishauri waziwazi kwamba risasi hazitoshi, njaa ndiyo itakayowapigisha watu hawa magoti. Wakamsikiliza.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi waliokamatwa walinyongwa hapa Songea. Mputa Gama alinyongwa. Manduna, viongozi waliokuwa chini ya Nkosi, walinyongwa mmoja baada ya mwingine, wakafukiwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano aliuawa siku chache baada ya wenzake, akazikwa peke yake, na tangu siku hiyo inasimuliwa kwamba mwili ulizikwa bila kichwa, kwamba kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mashujaa tunaowakumbuka kila mwaka ni 67. Chabruma alivuka akaingia nchi ya Wareno, akafia huko. Halafu ikaja njaa yenyewe, iliyoua wengi kuliko kamba na bunduki kwa pamoja. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa katika vita nzima kuwa 75,000; wanahistoria waliokuja baadaye wamefika hadi 300,000.

Haya, sasa nisikilizeni vizuri.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea. Alikuja mpaka Mahenge. Akasimama kwenye makaburi yale, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea babu zetu, akaahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu, ingawa hakuweza kuahidi kwamba litapatikana. Siku hiyo mlijaa barabarani. Siku hiyo simu zenu zote zilikuwa juu. Na tangu siku hiyo, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye saluni, kwenye vilabu vya ulanzi, nawasikia mkisema kwa hasira: warudishe kichwa cha babu yetu. Mmesema kweli. Warudishe. Taasisi ya makumbusho ya Berlin ilichunguza mafuvu zaidi ya elfu moja yaliyochukuliwa Afrika Mashariki zama za ukoloni, na yapatayo 200 kati yake yametoka nchi hii. Mafuvu ya watu, yenye namba, kwenye makabati. Mwenye kudai ana haki ya kudai, na asinyamaze mpaka alipwe.

Lakini nawauliza ninyi mnaodai: mwili uliobaki huku mmeufanyia nini? Kichwa kiko ng'ambo kwa sababu mwizi alikichukua. Mwili uko Mahenge, na hakuna mwizi aliyewazuia kuufikia. Mnamtaka Mzungu avuke bahari na kichwa mkononi, na ninyi hamjavuka mtaa wa Mfaranyaki kwenda kuwaonyesha watoto wenu mahali kichwa hicho kitakapolazwa. Steinmeier ametoka Berlin akafika. Wewe umezaliwa Hospitali ya Mkoa, umesoma hapa, umeoa hapa, una mvi, hujafika. Aliyewaua babu zako amelitambua kaburi kabla yako. Huoni aibu?

Na wale mnaofika, nanyi pia nina neno, kwa sababu kufika kwenyewe mnakufanya kwa namna inayoumiza. Nimewaona. Wageni wamekuja kwenye msiba au harusi, wametoka Mbeya au Dar, wakasema tungependa kuona makumbusho. Mwenyeji wa Mshangano anawapakia kwenye gari, anawafikisha langoni, kisha anabaki ndani ya gari, kiti amekilaza nyuma, redio inaimba. "Nendeni tu, mie nimeshapaona." Amepaona lini? Darasa la tano, akiwa kwenye mstari, jua likimchoma, akiwaza mkate na soda. Mgeni anarudi akiwa na maswali: Songea Mbano alikuwa wa ukoo gani, alikuwa akiishi wapi, kwa nini yeye alizikwa peke yake? Mwenyeji anajibu kwamba hayo ni mambo ya Wangoni wa zamani. Babu yake mwenyewe ni Mngoni wa zamani! Ukoo wake umo katika majina yaliyoandikwa pale ndani, na yeye alikuwa hatua chache kutoka pale, amefunga kioo.

Wengine mnaingia. Mwongozaji anaanza kwa upole, kama desturi yao ilivyo, kuanzia mwanzo: Zwangendaba, kuvuka Zambezi mwaka 1835 siku jua lilipofunikwa, safari ndefu ya kupanda kaskazini mpaka Ufipa, kisha kundi lililogeuka likaja huku. Kabla hajafika Ufipa simu imeshalia. Mwenye simu hatoki nje. Anaongea palepale, anapandisha sauti juu ya sauti ya mwongozaji, anaulizia bei ya simenti. Mwongozaji ananyamaza anamsubiri. Mwingine ameshatangulia kwenye kaburi la pamoja. Anataka picha. Anaegemea. Anainua vidole viwili, anatabasamu, anamwambia mwenzake piga tena, hii haijatoka vizuri. Chini ya kiwiko chake wamelala watu walioletwa wakiwa wamefungwa, wakasimamishwa kwenye foleni ya kufa, wa nyuma wakiwatazama wa mbele. Je, kwenye kaburi la mama yako unapiga picha hivyo? Basi kwa nini hapa?

Kisha mnatoka na kusema: kumbe ni kadogo. Mnasema: ni hivi tu? Mnabishana kuhusu kiingilio, ninyi ambao jana usiku mlilipa zaidi ya hicho kwa chupa moja. Mlitaka nini kikubwa zaidi? Mlitaka ghorofa? Zipo sanamu za manduna, ipo mikuki na ngao, yapo majina, lipo kaburi. Ukubwa wa mahali pale uko katika yale mwongozaji anayowaeleza, na hayo ndiyo mliyoyafunika kwa mazungumzo ya simenti.

Walimu, msijifiche nyuma ya wazazi. Mnawaleta watoto mara moja kwa mwaka, wengine hata hiyo mara moja hakuna. Mnawapanga mistari miwili, mnawapigia kelele wanyamaze, mnawaambia waandike: 67, 1906, Songea Mbano. Mtoto anaandika. Atajibu mtihani, atapata vema, atasahau. Hakuna aliyemwambia kwamba miongoni mwa wanaokumbukwa pale yumo mwanamke, Nduna Mkomanile, ili binti aliyesimama nyuma kabisa ainue macho. Hakuna aliyempa nafasi ya kuuliza kitu kisichokuwamo kwenye kitabu. Mwongozaji amejiandaa kwa saa nzima. Mmempa robo saa, kwa sababu basi lina ratiba nyingine. Elimu ya namna hiyo inamfundisha mtoto kwamba wafu wake ni namba za kukariri.

Ninyi mnaosema "sisi tumeokoka, hayo ni mizimu", nawaambieni hivi. Padri wa misheni aliwaendea wafungwa wale gerezani, na baadhi yao walibatizwa kabla ya kunyongwa. Wamo ndugu zenu katika imani ndani ya shimo lile. Siku ya Marehemu Wote mnabeba mishumaa mpaka makaburini, mnang'oa majani, mnasali, na hakuna anayewaita wachawi. Na ninyi Waislamu mnazuru makaburi na kuwaombea dua waliotangulia. Basi imani gani hiyo inayoruhusu kaburi la shangazi na kukataza kaburi la waliokufa kwa ajili ya kijiji kizima? Sijawaambia mkaombe mzimu. Nimewaambia mkaheshimu maiti. Mzee anayemwaga unga pale na Mkristo anayefanya ishara ya msalaba pale wote wamefika. Asiyefika ni wewe unayewahukumu wote wawili ukiwa umeketi barazani kwako.

Na kuna wale wanaokumbuka, lakini wanakumbuka kwa majivuno. Gama, Mbano, Tawete, Ngonyani, mnayataja majina kama mtu anayehesabu ng'ombe wake. Mnapenda hadithi ya mkuki. Mwombeni mwongozaji awaeleze hadithi nzima, msimkatishe anapofika pasipowapendeza. Wangoni waliingia nchi hii kwa nguvu katika miaka ya 1860, wakawakuta watu. Wandendeule walikuwapo. Walitiishwa, wakafanywa raia wa chini, wakapigana vita ambavyo mabwana wengine ndio waliovitangaza, na walikufa kwa njaa ileile. Ukisimama Mahenge ukajivunia ukoo wako na kumsahau Mndendeule, umefanya kile ambacho Mjerumani alikifanya: umemhesabu mtu si kitu.

Semeni pia ukweli kuhusu kamba. Wajerumani waliokuwapo Songea walikuwa wachache sana. Askari waliolinda gereza, waliowaswaga wafungwa, waliochoma vihenge, wengi walikuwa Waafrika, wengine wametoka mbali, wengine wametoka jirani, wakalipwa mshahara na kugawiwa nyara. Hili halimpunguzii Mjerumani dhambi hata kidogo. Lakini mtoto ambaye hakuambiwa hili atakua akidhani kwamba mtu mbaya huja daima na ngozi nyingine na kutoka nchi nyingine, na siku atakapopewa sare na amri ya kumwonea jirani yake hatajua kwamba jambo hilo limeshatendeka hapa, kwa mikono kama yake. Ndiyo maana nawataka mtembee na mtu anayejua, msitembee peke yenu na kurudi na kile mlichokwenda nacho.

Nirudi kwenye njaa, kwa sababu hapo ndipo ninapochomwa zaidi. Ninyi ni watu wa Ruvuma. Mkoa huu unalisha nchi. Msimu wa mavuno magunia ya mahindi yanapangwa mpaka nje, malori yanangoja foleni kwenye maghala ya Hifadhi ya Chakula, na malalamiko yenu ni kwamba mahindi yamezidi, bei imeshuka. Udongo huohuo mnaoupalilia, mwaka 1906 na 1907 watu waliukwangua wakitafuta mizizi. Wanawake walizika watoto na kisha hakukuwa na wa kuwazika wao. Vijiji viliisha, pori likarudi, wanyama wakarudi mahali palipokuwa na nyua za watu. Hao hawana sanamu. Hawamo kwenye orodha ya 67. Hakuna aliyeandika majina yao, kwa kuwa aliyekufa kwa njaa hufa bila karani. Na ninyi, wenye vihenge vilivyojaa, mnamwaga makande jalalani baada ya sherehe, na hamna hata wimbo mmoja wa kuwataja. Kama hamwezi kumtaja aliyekufa kwa njaa mahali mnapovuna, mtamtajia wapi?

Mnaipenda timu yenu, nanyi hamkosei kuipenda. Majimaji, Wanalizombe, mabingwa wa Tanzania enzi zile, imewapa furaha kubwa. Mnajaza Uwanja wa Majimaji, mnaliimba jina mpaka sauti zinakauka. Kelele hizo naziheshimu. Lakini nimemuuliza kijana aliyevaa jezi yenye jina hilo kifuani, Majimaji ni nini, akaniambia ni timu. Hakosi yeye. Anakosa baba yake, anayejua kumpeleka uwanjani kila Jumamosi na hajui kumpitisha Mahenge hata Jumamosi moja.

Mwisho wa mwaka mnachanga, mnakodi basi, mnakwenda Zanzibar. Mnatembezwa Mji Mkongwe. Huko mnakuwa watu wengine kabisa. Mnamfuata mwongozaji kwenye vichochoro, mnainama kuona milango ya kuchongwa, mnauliza nyumba hii ni ya nani, mnasikitikia sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilivyoporomoka mwezi Desemba 2020. Mnanyamaza kwenye kumbukumbu ya soko la watumwa. Mnarudi mkisimulia mwezi mzima. Sikuwazuieni kwenda, Mji Mkongwe ni urithi wa dunia, na mtu mwenye akili anapenda kuona. Ninachokikemea ni kwamba heshima mmeibeba mkapanda nayo boti, kisha mkaiacha hukohuko. Kumbe mnajua kusikiliza! Mnajua kumpa mwongozaji ahsante yake. Mnajua kumshika mtoto mkono na kumwambia tazama. Basi kosa lenu halitokani na ujinga. Mnajua, na watu wenu wenyewe mmewanyima.

Wazee wa Mshangano, shikamooni. Nanyi siwaachi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kukusanya masimulizi ya Majimaji, na wanafunzi wakatumwa vijijini kwao wakiwa na daftari. Huku kwetu O. B. Mapunda na G. P. Mpangara waliwafuata wazee walioviona vita kwa macho yao au waliosimuliwa na baba zao, wakaketi nao, wakaandika, na mwaka uliofuata kazi yao juu ya vita hivyo Ungoni ikachapishwa. Walikuwa vijana tu, na walijua kwamba wana muda mchache. Wazee wale wote wamekwisha kwenda. Waliobaki ni ninyi, mliosikia kwa waliosikia, na mmefunga midomo. Mnasema vijana hawaulizi. Kweli hawaulizi. Lakini na ninyi mkitembelewa na mjukuu mnamwashia televisheni. Mnajua pango la Chandamali, ambako inasimuliwa kwamba Songea Mbano alijificha. Mnajua njia za zamani za kupandia Matogoro. Mnajua ni mti upi uliokuwa wa mkutano na ni bonde lipi walikolala watu bila kuzikwa. Mtazikwa na maarifa hayo, na watakaokuja watajenga juu yake choo cha shimo bila kujua.

Tena hilo la kujenga tayari mnalifanya. Mnauza shamba la ukoo, dalali anakuja na kamba ya kupimia, mnamwonyesha mnunuzi nguzo ya umeme na bomba la maji, hamumwonyeshi makaburi ya bibi na babu chini ya mwembe. Mnaogopa bei itashuka. Mnunuzi anakuta mifupa akichimba msingi, anaikusanya kwenye mfuko wa simenti. Watu wanaofanya hivyo kwa mifupa ya kwao watasimama na uso gani mbele ya Mjerumani, wamwambie mifupa ya watu ina heshima yake?

Viongozi, ninyi mnaoketi kwenye viti vya mbele kila tarehe 27 Februari: siku hiyo mnafika na misafara, mnaweka mashada, mnatazama ngoma ya lizombe, mnasikiliza ngoma za kina mama, mnahutubia kwa sauti kubwa kuhusu kuenzi mashujaa. Vizuri. Tarehe 28 mko wapi? Mwezi Agosti mko wapi? Mgeni akishuka stendi leo na kuuliza njia ya kuutembea mji wa zamani, kuanzia Mahenge mpaka Chandamali, mpaka Bombambili kwenye nyumba ya Rashidi Kawawa iliyogeuzwa makumbusho, ni dereva gani wa bajaji atakayejua kumpeleka na kumweleza? Mmewahi kuwaita vijana wa bodaboda, hata siku moja, mkawatembeza bure? Mngekuwa na waongozaji mia moja barabarani kwa gharama ya mahema na maji ya kunywa ya sherehe moja.

Nasema na linalokuja, nanyi litunzeni. Iko siku fuvu litapatikana, au litapatikana fuvu ambalo wataalamu watalitambua kuwa ni la mtu wa huku. Litaletwa kwenye sanduku, na bendera, na kamera za dunia nzima. Litapita barabarani mbele ya nyumba zenu za Mshangano au litatua uwanja wa ndege wa Ruhuwiko, na mtatoka nyote. Mwandishi wa habari kutoka nchi ya mbali ataweka kinasa sauti mbele ya mdomo wa mtoto wako, atamuuliza: huyu anayerudi nyumbani ni nani kwako? Mtoto atakutazama wewe. Na wewe utamtazama yule Mjerumani aliyelishika sanduku, kwa sababu yeye amesoma miaka kumi juu ya babu yako, naye ndiye atakayejibu. Siku hiyo mtakuwa mmenyang'anywa mara ya pili, na mara hii hamtaweza kumlaumu askari wala kapteni wala gavana.

Bado haijafika. Kwa hiyo fanyeni hivi. Jumamosi hii, si Februari ijayo, mchukue bibi mwenye umri mkubwa kuliko wote nyumbani kwako, na mtoto mdogo anayeweza kutembea bila kubebwa. Mpandishe bibi bajaji, asitembee. Lipa kiingilio bila kubishana. Zima simu, usiipunguze sauti tu, izime. Mwambie mwongozaji kwamba wewe ni mkazi wa Mshangano, umekuja kujifunza, na una siku nzima. Mwache azungumze mpaka amalize. Bibi akimkatisha kwa kusema "hapana, sisi tuliambiwa hivi", mnyamazieni bibi, na mwongozaji aandike. Penye kaburi la pamoja msipige picha mpaka mmesimama kimya kwa muda wa kutosha wa mtoto kuanza kuuliza. Mjibuni. Msipojua, muulizeni anayejua hapohapo. Kisha mpelekeni mtoto penye majina ya walionyongwa, ayasome kwa sauti moja baada ya jingine, na akikwama kwenye jina gumu bibi amsaidie kulitamka, mpaka yaishe yote.